Jina la Juu

Kidole cha shahada cha Eliapenda Mshana kilianza utovu wa adabu mbele ya wakubwa, tena siku ambayo mwenyewe alikuwa amependeza.

Alikuwa amesimama mbele ya kioo kikubwa katika ukumbi wa Taasisi ya Urithi wa Mikono, Dodoma, akiwaonyesha wakurugenzi fomu ambayo muda si mrefu ingesambazwa nchi nzima. Fomu hiyo aliibuni yeye. Ilikuwa ukurasa mmoja tu, nyepesi, na sifa zake zilikuwa zimevuka mipaka. Mtoaji anavaa glavu za nyuzi, anaendelea na kazi yake ya kila siku kwa majuma kadhaa, na mashine inanasa namna mishipa yake inavyoongoza vidole. Siku ya mwisho, akiwa bado na glavu zake, anasimama mbele ya kioo na kumteua mtoto atakayerithi mkono wake. Anateua mmoja tu. Mkono ukitiwa katika miili miwili kila mwili huuvuta upande wake, na haupiti muda kabla wote wawili hawajabaki mikono mitupu.

"Hapa ndipo mtoaji anapokuta majina ya watoto wake," Eliapenda alisema. "Tumetumia orodha kunjuzi ili kioo kisijae. Jina la kwanza linaonekana kwenye kisanduku, mengine yamekunjwa ndani. Akitaka jingine anagusa mshale huu mdogo wa pembeni, orodha inashuka, anachagua."

Akanyoosha kidole aguse mshale. Kidole kikakataa. Kiliteremka chini ya kisanduku, mahali peupe pasipo na kitu, kikabonyeza. Mashine ikalia *ti*. Kikabonyeza tena pale pale, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayemgongea mlango jirani asiyesikia. *Ti*. Kisha bila kuomba ruhusa kikaenda kwenye kitufe cha kijani, na kioo kikaandika kwa herufi kubwa kwamba mrithi aliyeteuliwa ni Mtoto wa Kwanza.

Ukumbi mzima ukacheka.

"Mhandisi, hata wewe fomu yako inakushinda?" aliuliza Bwana Semkiwa, Mkurugenzi Mkuu, mtu mpole aliyependa utani wa kikaoni. "Lakini umeona, hata kidole chake kimemchagua kifungua mimba! Mila haifi."

Wakacheka tena, maana hilo lilikuwa jambo la kujivunia pale kwenye taasisi. Katika wilaya zote za majaribio, watoaji tisa kati ya kumi walikuwa wamewarithisha watoto wao wa kwanza. Wataalamu walikuja na kalamu zao wakaandika kwamba jamii zetu zingali zinamuenzi kifungua mimba hata katika zama za nyuzi na kanzidata. Eliapenda mwenyewe alikuwa amesimama kwenye kongamano moja, mbele ya wageni wenye visikilizi masikioni, akalieleza jambo hilo kwa madaha. Alitoa mfano wa mama yake.

Alisingizia uchovu, akatumia mkono wa kushoto, akamaliza maelezo yake.

*

Mikono aliyokuwa nayo Eliapenda ilikuwa ya mama yake, na hakuna aliyefanya kazi pale asiyejua hivyo. Mama Eliapenda alikuwa mkunga wa milimani kwao Upareni. Mtoto akilala kingamo tumboni, wengine walikuwa wakitafuta gari la kumshusha mzazi hadi wilayani akapasuliwe. Yeye alikuwa akipasha viganja joto, anavitua juu ya tumbo, anamsukuma mtoto taratibu huku akipiga soga na mama mtu, na baada ya muda mtoto anageuka mwenyewe, kichwa chini, kana kwamba ameombwa kwa heshima. Uzee ulipoanza kumkakamaza vidole na mtoto wa jicho kumtia ukungu machoni, alikubali kuvaa glavu.

Jina la mrithi lilifunguliwa nyumbani, mbele ya majirani. Lilikuwa la Eliapenda. Alichinja mbuzi. Mdogo wake Naghenjwa, aliyekuwa muuguzi wa uzazi katika zahanati ya pale pale kijijini na aliyefuata nyuma ya mama yao tangu utotoni akimbebea beseni, aligawa chakula, akaosha vyombo, akaenda kulala. Eliapenda aliuona uso wake. Akajisemea kwamba ni wivu, utapita.

Tangu hapo nyuzi zilikuwa zimelala chini ya ngozi ya mikono yake, na hakuwahi kumgeuza mtoto hata mmoja. Atamgeuza nani Dodoma, ofisini ghorofa ya tano? Akikanda unga wa chapati viganja vilikuwa vinatafuta kichwa ndani ya donge, mpaka mumewe akawa anamcheka. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Mama yao alikuwa amekwisha fariki, na kila asubuhi Eliapenda aliponawa uso, aliyemnawisha alikuwa mama. Ndivyo alivyokuwa akinawishwa akiwa mdogo: kiganja kizima kwanza, kisha kidole gumba pembeni mwa jicho. Wakati mwingine alinawa mara mbili.

Siku ile ya kikao alishuka mpaka maabara, akajifungia na mkono wa majaribio. Huo ni mkono wa mpira na chuma uliofungwa mezani, ambao mafundi huuchezea rekodi ili kuhakikisha kwamba haina kasoro. Alijua kanuni ya nyuzi kuliko wengi. Vitendo ambavyo mtoaji alivirudia maisha yake yote huota kwanza katika mwili wa mrithi. Kitendo alichokifanya mara chache huchelewa, pengine miaka, na huamka tu pale mrithi anapokutana na kitu kile kile. Yeye fomu ile hakuwa ameigusa tangu alipopandishwa cheo, kabla hata ya kurithi, kazi ya kugusa vioo aliwaachia vijana. Na mafundi hawakuwa na desturi ya kukata mkia wa rekodi. Nani angejali sekunde chache za mwisho, mzee anapobonyeza kioo na kwenda zake?

Aliifungua rekodi ya mama yake, akaupeleka mkono wa majaribio mpaka mwishoni. Mbele yake akaweka kioo chenye fomu, kwa kimo kile kile cha kituo ambako watoaji huteua.

Mkono wa mpira ukainuka. Ulikuwa na ule mtetemeko mdogo wa mama, kidole cha mwisho kikiwa kimekunjwa kwa baridi yabisi. Ukapapasa ukingo wa kioo, ukashuka kwenye kisanduku chenye jina ELIAPENDA, ukapumzika hapo kidogo bila kubonyeza. Kisha ukateremka hatua moja chini, mahali peupe, ukabonyeza. *Ti*. Ukabonyeza tena. *Ti*. Ukaenda kwenye kijani.

Eliapenda alicheza rekodi ile mara kadhaa ingawa mara ya kwanza ilikuwa imetosha.

Mama yake alijua mashine. Rejista ya wazazi kwenye kioo cha zahanati ilikuwa na majina yote yaliyopangwa wazi, moja chini ya jingine, kila moja na kiduara chake, na unayemtaka unambonyeza alipo. Alikuja na ujuzi huo. Kwa macho yale yenye ukungu aliona mstari wa kwanza, akajua huyo ni mkubwa, basi mdogo atakuwa chini yake. Akabonyeza chini yake. Na ile *ti*, sauti ambayo Eliapenda aliiongeza kwa mkono wake ili wazee wajue kwamba mashine i hai, ilikuwa inalia popote mtu agusapo, penye kitu na pasipo na kitu. Mama akasikia ameitikiwa. Kisanduku kikabaki na jina lililokuwamo tangu mwanzo, kwa sababu Eliapenda aliona si vizuri kisanduku kikae kitupu.

Alifungua faili lingine. Akaunda upya ukurasa ule kwa majina yaliyo wazi na viduara, akauweka mbele ya mkono, akacheza rekodi. Kidole kikatua katikati ya jina la Naghenjwa. Wala hakikugusa ukingo.

Uso ulimwaka moto. Hapakuwa na mtu pale maabara, lakini aliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Alikumbuka mbuzi. Alikumbuka kongamano, jinsi alivyotulia kidogo kabla ya kutaja jina la mama yake ili wageni wapate kuguswa. Halafu akachukua rekodi nyingine bila kuchagua, ya fundi cherehani mmoja, na nyingine, na nyingine. Mkono ule wa mpira uliinuka na kushuka mchana kutwa. Wapo waliogusa mshale sawasawa. Wapo waliomtaka kifungua mimba kweli. Na wapo wengi, wengi mno, waliobonyeza peupe.

*

Bwana Semkiwa alitazama mkono ukirudia kitendo chake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani mwingine ameona?"

"Wewe na mimi."

"Basi sikiliza, mdogo wangu." Alivuta kiti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yawe mazito. "Fomu utairekebisha leo. Majina yawe wazi, viduara, na pasiwe na kilichochaguliwa tayari. Tutasema ni maboresho. Nani atauliza? Hakuna. Na suala la mama yako nitakusainia mimi. Uhamisho wa kifamilia, sababu binafsi. Mkono unakwenda kwa mdogo wako, mzazi wa kijijini anapona, na wewe unalala usingizi."

"Na hao wengine?"

"Wengine wapi? Huyo seremala anasomesha watoto kwa mkono wa baba yake. Huyo mwanamke wa mikeka amejenga. Unataka niwafuate niwaambie nini? Kwamba labda, tena labda tu, baba yenu alimtaka mwenzenu? Wazee wengine wamekwisha zikwa, Eliapenda. Utawagombanisha ndugu nchi nzima."

"Tumekwisha wagombanisha, bosi. Ila wao wanadhani waliowagombanisha ni wazazi wao."

Bwana Semkiwa akafungua kompyuta yake, akachapa ule uhamisho mmoja, akausaini, akausukuma mbele ya Eliapenda.

"Chukua huu. Mengine tutayafikiria."

Akauchukua. Niseme ukweli, aliuchukua upesi, kama mtu anayepokea chenji iliyozidi. Alirudi mezani kwake akaketi nao, na kwa kitambo kirefu alijaribu kujishawishi kwamba umetosha. Mtenda akitendewa hudhani ameonewa, lakini yeye hata kutendewa hakuwa ametendewa: alikuwa na cheo, na mshahara, na mikono ya mama yake, na sasa alipewa pia nafasi ya kuonekana dada mwema anayemwachia mdogo wake. Angefika nyumbani na zawadi. Naghenjwa angelia, wangekumbatiana, na kusingekuwa na haja ya kusema lolote kuhusu kisanduku. Alijiona akitenda hivyo, hatua kwa hatua, na akaona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Hapo ndipo alipojichukia.

Mchana ule ule, ofisi ikiwa imejaa watu wanaokula karanga, aliandika tangazo. Aliandika kwamba fomu ya uteuzi ilikuwa na kasoro, kwamba kasoro hiyo ni ya mbuni wake, akataja jina lake kamili. Kwamba watoaji walio hai watarudi kuchagua upya kwenye majina yaliyo wazi. Kwamba waliofariki, rekodi zao zitachezwa mbele ya watoto wao wote kwa pamoja, na kila familia itaamua yenyewe. Akalituma kwa kila aliyemo kwenye kanzidata, watoaji na watoto wao, waliorithi na walioachwa.

Kabla hajafika nyumbani simu ilikuwa imekwisha chemka.

"Wewe ndiye Eliapenda?" sauti moja ya mwanamume ilifoka. "Mimi fundi. Nirudishe mkono wa marehemu baba, halafu nikale mawe? Dada, wewe umesoma kwa faida ya nani?"

Alisema "samahani" mpaka neno lenyewe likaisha ladha. Jioni Bwana Semkiwa alimpigia, hakufoka hata kidogo. Alimwambia tu kwamba asije kesho.

*

Naghenjwa alikuwa ameketi uani akichambua maharage ya makande aliposikia lango. Hakuinuka upesi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu. Hukusema kama unakuja."

Eliapenda aliketi kwenye kigoda cha pili. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na sasa yote yaliota mbawa. Akayasema hivyo hivyo, ovyo, yakigongana. Akaeleza kisanduku, na mshale, na mahali peupe. Akaeleza ule mkono wa mpira. Alipofika kwenye kiduara cha jina la Naghenjwa alieleza mara mbili.

Mdogo wake aliendelea kuchambua. Punje mbovu huku, nzima huku.

"Uliliona tangazo?" Eliapenda aliuliza.

"Lilikuja. Nilidhani ni la watu wengine." Akarusha kijiwe. "Kwa hiyo hii mikono utaivua."

"Nitaivua. Karatasi ninayo, hospitali ya mkoa wataifanya wiki hii ukikubali. Naona aibu, Naghenjwa. Naona aibu mpaka sijui niuweke wapi uso wangu. Wazazi wote hao uliowashusha na pikipiki, na mimi nakanda chapati."

"Yule wa mwezi uliopita hakufika," Naghenjwa alisema. Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya zamu.

Jirani alipita njiani akawasalimu, wote wawili wakaitikia kwa furaha ya uongo, kama inavyopasa.

"Nitakubali," Naghenjwa alisema jirani alipopita. "Si kwa ajili yako. Kuna mtu ana mimba ya miezi minane pale kwa kina Mrutu, na mtoto amelala kingamo."

"Asante."

"Usinishukuru. Dada, wewe hujui ulichofanya."

"Najua. Nimekuambia..."

"Hujui." Aliweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama dada yake usoni, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Mikono tu ndiyo unayoizungumza. Mikono utairudisha. Tangu ile sherehe yako ya mbuzi mimi sikumsemesha mama vizuri. Nilikuwa nampikia. Namwogesha. Namfulia. Lakini maneno, la. Kwa sababu kabla ya kwenda kule kituoni alikuwa ameniahidi kwa mdomo wake kwamba ananipa mimi, halafu jina likatoka lako, na yeye akakaa pale mbele za watu anatabasamu."

"Hakutaka kuniaibisha," Eliapenda alisema polepole. Alikuwa anaelewa huku akisema. "Mbele ya wageni wangu."

"Sasa najua. Wakati ule nilijua nini? Nilijua amenidanganya. Akawa ananiuliza, 'Nimekukosea nini, mwanangu?' Namjibu, hakuna." Alifuta viganja kwenye kanga, ingawa vilikuwa vikavu. "Wiki ile ya mwisho alinishika hapa, kwenye kifundo cha mkono. Akasema, 'Naghenjwa, mimi nilibonyeza jina lako. Nililibonyeza kwa kidole changu hiki.'"

Eliapenda hakuthubutu kuuliza. Aliuliza hata hivyo.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, mama, usinidanganye hata saa hizi. Mashine ile ameitengeneza dada, haiwezi kukosea."

"Na yeye?"

"Akakaa anafikiri. Akaniachia mkono. Akasema, 'Kweli. Basi ni mimi niliyekosea.'"